Barua ya wazi kwa wakuu wa shule za sekondari: someni daftari la mahudhurio

Waheshimiwa wakuu wa shule, nanyi nyote mnaopanga ratiba, mitaala na kanuni za shule za sekondari,

Shikamooni.

Katika muhula wangu wa kwanza wa sekondari nilikosa shule siku 11. Zote zilikuwa Jumatatu au Alhamisi. Siku hizo mbili ratiba ya darasa letu ilianza na hisabati, vipindi viwili mfululizo. Mtu yeyote ambaye angelichukua daftari la mahudhurio na kuliweka kando ya ratiba angeliona jambo hilo kwa dakika tano. Majina yetu yaliitwa kila asubuhi, alama za kukosa zikawekwa vizuri kwa wino mwekundu, na mwisho wa muhula zikajumlishwa. Nikaitwa ofisini, nikaambiwa mimi ni mtoro, nikapewa adhabu ya watoro. Hakuna aliyeniuliza kwa nini Jumatatu.

Siitaji shule hiyo jina, wala simtaji mwalimu. Walimu wangu walikuwa na watoto wengi na madaftari mengi ya kusahihisha, na wengi wao walitupenda. Nawaandikia kwa sababu kila mwaka mnapokea kundi jipya la watoto wa kidato cha kwanza, na ndani ya kundi hilo wapo wanaofanya sasa hivi kile nilichofanya mimi. Ushahidi wao mnao mezani kwenu, na mara nyingi haufunguliwi mpaka mambo yameshaharibika.

Niwaeleze jinsi mtoto anavyofika hapo, maana kutoka ofisini huonekana kama ukaidi.

Nilitoka shule ya msingi nikiwa miongoni mwa wa mbele darasani. Nilikuwa na mwalimu mmoja wa darasa aliyenijua kwa miaka. Akiniona nimekaa kimya alijua kuna jambo. Sekondari nilikuta walimu zaidi ya kumi. Kila mmoja alituona kwa dakika 40 kisha akakimbilia darasa lingine. Kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuandika ubaoni, kasi yake, hasira yake na neno lake la kuanzia kipindi. Wiki ya kwanza nilitumia nguvu nyingi kujua chumba kipi ni cha somo lipi na nikae na nani wakati wa mapumziko, na kidogo tu iliyobaki ndiyo niliyosomea. Watu wazima husahau uchovu huo. Kuwa mgeni kutwa nzima, siku tano mfululizo, kunachosha mwili kama kazi ya mikono.

Kisha herufi zikaingia mahali pa namba. Mwalimu wa hisabati aliandika x ubaoni, akaendelea, na mimi nikabaki nikijiuliza x ni ngapi. Somo lilipokwisha nilikuwa bado nasubiri kuambiwa. Mwalimu yule alikuwa na kauli yake aliyoirudia kila kipindi: asiyeelewa aulize, mficha uchi hazai. Ni methali ya kweli na nampa haki yake. Lakini ili mtoto aulize, inabidi kwanza ajue amepotelea wapi, na mimi nilikuwa nimepotea tangu mstari wa pili. Ningeuliza nini? Ningesema “sijaelewa yote” mbele ya wenzangu wapya 50, ambao nilikuwa bado nawaonyesha kwamba mimi ni mtu wa akili?

Jaribio la kwanza nilipata 23 kwa 100. Alama zilisomwa kwa sauti kuanzia aliyeongoza hadi wa mwisho, na nilisubiri jina langu kwa muda mrefu sana. Sikuwahi kuwa huko nyuma. Nilijua kushindana na kushinda, lakini namna ya kuwa mtu asiyeelewa na bado akakaa darasani hakuna aliyewahi kunifundisha.

Jumatatu ya kwanza niliyokosa nilikuwa na homa ya kweli. Niliporudi, kipindi cha Alhamisi kilijengwa juu ya kile cha Jumatatu, na sikushika chochote. Jumatatu iliyofuata nikasema tumbo linauma, na lilikuwa linauma kweli, kwa hofu. Baada ya hapo hesabu ikawa rahisi: kila kipindi nilichokosa kilinipa sababu ya kukosa kinachofuata. Nakuombeni mlishike hili, kwa sababu adhabu yenu huingia mahali hapa na kufanya kinyume cha mnachokusudia. Mtoto anayekwepa somo kwa aibu, ukimtoa nje ya darasa siku mbili nyingine kumwadhibu, umemwongezea shimo lile lile analolikimbia.

Nilipokuwa mkubwa nilianza kusoma kuhusu jambo hili, nikitafuta kujua kama ni mimi tu. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Elaine Allensworth na John Easton, walitoa ripoti kuhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika sekondari za umma za jiji hilo. Waliangalia mambo mawili tu: kwamba mwanafunzi amefaulu masomo ya kutosha kumvusha kwenda mwaka wa pili, na kwamba hakufeli somo la msingi zaidi ya mara moja katika mihula ya mwaka huo. Waliokuwa salama katika mambo hayo mawili walikuwa na uwezekano wa kuhitimu kwa miaka 4 mara tatu na nusu zaidi ya wasiokuwa salama. Na kipimo hicho kilibashiri kuhitimu vizuri kuliko alama ambazo watoto walikuja nazo kutoka chini. Mwaka 2007 waliongeza jingine lililonifanya niweke kitabu chini kwa muda: katika kubashiri nani atafeli mwaka wa kwanza, mahudhurio yalikuwa na nguvu mara nane ya alama za mtihani wa darasa la nane, kabla ya kuingia sekondari.

Mara nane. Nasi tunaendelea kuwapanga watoto kwa alama walizokuja nazo, tukiwaita hawa wakali na wale dhaifu, huku daftari la mahudhurio likikaa kwenye droo.

Jiji lile halikuishia kwenye kuchapisha ripoti. Shule zilianza kupewa orodha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza walioanza kuteleza, mwaka ukiwa bado unaendelea, na walimu wakakaa pamoja kuziangalia jina kwa jina. Kila shule ilichagua dawa yake: wengine walipiga simu nyumbani asubuhi ile ile, wengine waliweka masomo ya kujazia mchana, wengine walimpa kila mtoto mwalimu wa kumfuatilia. Kati ya 2007 na 2013 asilimia ya waliokuwa salama mwaka wa kwanza ilipanda kutoka 57 hadi 82. Mtaniambia kwamba huko wana kompyuta na watafiti. Ni kweli. Lakini kiini chake ni orodha ya majina na watu wazima wanne wanaokaa kuisoma kabla muhula haujakwisha, na orodha hiyo inaandikika kwa kalamu.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na ndilo kubwa, ni hilo. Katika wiki ya tatu au ya nne tangu watoto wa kidato cha kwanza waingie, walimu wao wakae pamoja na madaftari yao. Watafute nani amekosa zaidi ya mara mbili, siku zipi, na zinaangukia somo gani. Watafute nani alikuja na alama nzuri na sasa ameporomoka, kwa sababu huyo ndiye hasemi. Na wakishampata, mtu mmoja amwite faraghani na kuanza na swali. Kikao hicho kirudiwe kila baada ya wiki chache. Kinachelewesha chai ya walimu siku moja, basi.

La pili linaungana na hilo. Tunapotoka shule ya msingi tunapoteza mtu aliyetujua. Mwalimu wa darasa la sekondari, katika shule nyingi, ni mtu wa kuita majina na kujaza ripoti, naye pia ana masomo yake ya kufundisha madarasa mengine. Wapeni watoto wa mwaka wa kwanza mlezi mmoja mmoja, mwalimu au mfanyakazi yeyote wa shule anayependa watoto, mwenye kikundi kidogo ambacho anaweza kukumbuka majina yote bila kutazama karatasi. Asiwe mtu wa kutoa adhabu. Akutane nao mara moja kwa wiki na aulize mambo ya kawaida: umekula na nani, somo gani linakuchosha, nani anakusumbua. Chumba cha ushauri nasaha hakitoshi, ingawa ni kitu kizuri. Mtoto mgeni hawezi kubisha mlango wenye maandishi hayo wakati wenzake wote wanamwona.

La tatu nalisema kwa uchungu, kwa kuwa lilinigharimu hata baada ya hisabati kunyooka. Hakuna aliyetufundisha kusoma. Tuliambiwa “someni kwa bidii” mamia ya mara, na bidii niliyoijua ilikuwa kurudia notisi, kupiga mistari kwa kalamu ya rangi, kurudia tena, usiku wa kuamkia mtihani mpaka macho yanauma. Nilipofunga daftari nilihisi najua. Nikifungua karatasi ya mtihani, vichwa vya habari nilivikumbuka, mpaka ukurasa vilipokuwa niliukumbuka, lakini maelezo yalikuwa yamekwenda.

Sasa najua kwamba huo haukuwa ujinga wangu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kupima mwaka 1885, akijikaririsha mwenyewe silabi zisizo na maana, jinsi kitu kilichokaririwa kinavyopotea upesi katika saa na siku za mwanzo, na jinsi marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa yanavyoshinda yaliyorundikwa siku moja. Mwaka 2006 Wamarekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Baadhi walikisoma na kukirudia mara nne. Wengine walikisoma mara moja, kisha wakajaribu mara tatu kuandika walichokikumbuka bila kutazama. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40. Na hao wa asilimia 40 ndio waliokuwa wameamini zaidi kwamba watakumbuka.

Nikisoma hayo nilijiona mimi, usiku, na kalamu yangu ya rangi.

Mnaweza kubadilisha jambo hili bila kuongeza hata kipindi kimoja kwenye ratiba. Kila mwalimu wa kidato cha kwanza atumie sehemu ya kipindi chake, katika wiki za mwanzo, kuwaonyesha watoto namna somo lake linavyosomwa. Hisabati haisomwi kama historia. Afunge kitabu mbele yao, ajaribu kukumbuka, akosee, afungue, arekebishe, ili waone mtu mzima akifanya hivyo bila aibu. Kisha aanze kila kipindi kwa maswali matatu ya wiki iliyopita, ambayo hayana alama na hayasomwi kwa sauti. Najua mtaala ni mrefu na mnasukumwa kuumaliza. Lakini ukurasa uliofundishwa na kusahauliwa hesabuni kuwa haujafundishwa, maana mtaurudia wenyewe mwaka wa mwisho kwa haraka na kwa kelele, mtihani ukiwa mlangoni.

Kuhusu kusoma alama kwa sauti kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho sina maneno mengi. Acheni. Anayeongoza atafurahi hata akipewa karatasi yake mkononi.

Usingizi nao mara nyingi huingia kwenye daftari kwa jina la uchelewaji. Mwili wa mtoto anayebalehe husogeza saa yake mbele; usingizi humjia usiku sana kuliko alipokuwa mdogo, bila yeye kupenda, na anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2014 kwamba sekondari zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Jiji la Seattle lilisogeza muda wa kuanza masomo mwaka 2016 kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45, na wanafunzi waliopimwa walipata wastani wa dakika 34 zaidi za usingizi kila siku ya shule. Hawakuzitumia kukesha zaidi. Wenye mamlaka ya kusogeza kengele, lifikirieni. Wasio nayo, angalau msiweke somo gumu kuliko yote kipindi cha kwanza kila mara, na mtoto anayesinzia dawatini msimwite mvivu kabla ya kumuuliza alilala saa ngapi.

Nije kwa wanafunzi wenzetu wakubwa, kwa sababu kwa mtoto mgeni wao ndio shule yenyewe kuliko ninyi. UNESCO iliripoti mwaka 2019 kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake shuleni angalau mara moja katika mwezi uliotangulia. Wageni wa kidato cha kwanza huonewa kwa kisingizio cha kukaribishwa, na wapo watu wazima wanaotazama pembeni wakisema ndivyo mtoto anavyokomaa, samaki mkunje angali mbichi. Nilibebeshwa mizigo ya watu, nikaimbishwa mbele ya umati, nikacheka pamoja nao ili yaishe. Sikukomaa kwa lolote. Nilijifunza tu kupita nyuma ya majengo. Likatazeni jambo hilo kwa kauli yenu wenyewe, siku ya kwanza, mbele ya wakubwa na wadogo, na mlifuatilie.

Lakini wakubwa hao hao wanaweza kuwa dawa. Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha utafiti mwaka 2011 ambapo wanafunzi wapya wa chuo kikuu, kwa muda wa saa moja hivi, walisoma masimulizi ya waliowatangulia: kwamba mwanzoni nao waliona hapa si mahali pao, na kwamba hali hiyo ilipungua kadiri muda ulivyokwenda. Kwa wanafunzi Wamarekani weusi, ambao walikuwa na sababu nyingi zaidi za kujiona wageni, alama zilipanda na zikaendelea kuwa juu hadi mwaka wa mwisho. Saa moja tu ya kuambiwa ukweli na aliyepita njia hiyo. Watafuteni wanafunzi wa mwaka wa pili waliosuasua mwaka jana na sasa wamesimama. Msiwatafute vinara peke yao. Wawaeleze wageni walipata ngapi jaribio la kwanza, walilia wapi, na nani aliwasaidia. Mimi ningemsikiliza mtu huyo kuliko hotuba yoyote ya ufunguzi.

Kilichoniokoa kilikuwa kidogo mno, na hilo ndilo linalonifanya niandike. Muhula wa pili sikuweza tena kubaki nyumbani kwa sababu wazazi walikwisha kuarifiwa. Nikawa nafika shuleni, naitikia jina, kisha najificha maktaba vipindi viwili vya kwanza. Siku moja mtunza maktaba, mama mmoja mtulivu ambaye kazi yake haikuwa kufundisha wala kulea, alisimama kando ya meza yangu akiwa na vitabu mkononi. “Mwanangu, kila Alhamisi saa hii nakuona hapa. Sasa hivi una kipindi gani?”

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mpaka ile x. Hakunipeleka ofisini. Alikwenda rafuni, akaleta kitabu cha hisabati cha darasa la chini kabisa, akaniambia nianze hapo na nisione haya. Wiki iliyofuata alinikutanisha na msichana wa mwaka wa pili aliyekuja pale mchana kusoma. Dada yule alinifundisha kwa majuma sita, na siku ya kwanza aliniambia kwamba yeye jaribio lake la kwanza alipata 19. Nilirudi darasani nikiwa sijui mengi, ila nilijua swali la kuuliza. Jaribio lililofuata nilipata 41, kisha 58. Sikuwa tena miongoni mwa wa mbele, na nilichukua muda mrefu kulizoea hilo, lakini nilimaliza miaka yote na wenzangu. Wawili niliokuwa nikijificha nao hawakumaliza. Mmoja wao alinizidi akili kwa mbali.

Huwa namkumbuka yule mama na kujiuliza ingekuwaje kama Alhamisi ile angekuwa na kazi nyingine. Shule yenye mamia ya watoto isitegemee bahati ya mtu mmoja kuinua macho.

Basi, waheshimiwa, muhula ukifunguliwa, wekeni tarehe ya kikao hicho kwenye kalenda ya shule mapema, kama mnavyoweka tarehe ya mitihani. Siku hiyo ikifika leteni daftari la mahudhurio na ratiba, vitandazeni mezani pamoja. Mkikuta jina lililokosa Jumatatu na Alhamisi, mwiteni mtoto huyo wakati wenzake hawaoni, mpeni kiti, na mmuulize yule mama alichoniuliza mimi.

Wenu kwa heshima,
Mwanafunzi wenu wa zamani